Hoteli Moja, Karatasi Nyingi: Somo juu ya Leseni za Kuuza Chakula

Neno "hoteli" katika Kenya halina maana ile iliyo nayo katika nchi nyingine. Kwa mgeni, hoteli ni nyumba ya kulala wasafiri. Kwa mtu wa Chekalini, katika Lugari ya Kaunti ya Kakamega, hoteli ni chumba chenye meza mbili tatu na mabenchi yake, jiko la kuni au la makaa nyuma ya nyumba, birika kubwa la chai ya maziwa, na sinia ya mandazi iliyofunikwa. Humo huingia mwendesha bodaboda kabla ya jua kupanda, na mkulima aliyeleta magunia yake ya mahindi, na mwalimu, na mtoto aliyetumwa chapati mbili nyumbani. Lugari ilikuwa zamani sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, nayo iligawanywa kwa wananchi katika miaka ya 1960. Na kila palipozuka soko, haukupita muda mrefu kabla mtu hajatia moto jiko akaanza kuuza chai.

Mwenye hoteli ya namna hii mara nyingi ni mama aliyeanza na sufuria zake za nyumbani. Hana karani wala wakili. Lakini kwa sheria yeye na kampuni kubwa yenye jumba la ghorofa katika Nairobi ni jamii moja, maana wote wawili huuza chakula kwa umma. Kwa hiyo naye hutakiwa kuwa na kibali cha biashara cha kaunti, na leseni ya afya kwa ajili ya chumba chake, na cheti cha kupimwa kwa kila mtu ashikaye chakula. Huweza pia kutakiwa cheti cha zimamoto, na ada ya ubao ulioandikwa jina la hoteli mlangoni. Akitumia jina lisilo lake mwenyewe, jina hilo lapasa kuandikishwa. Mamlaka ya mapato nayo hutaka namba yake ya kodi. Na kama redio yalia ukutani kuwafurahisha wateja, wako wenye haki za muziki ambao kwa sheria wana ada yao pia. Jambo hili huwashangaza watu wengi, kwa kuwa hudhani ya kwamba aliyekwisha kununua redio amekwisha kununua na nyimbo zake.

Basi mtu akizitazama karatasi hizi zote juu ya meza moja, hana budi kuuliza: ni zipi kati yake zinazomlinda mla chakula, na ni zipi zinazotafuta fedha tu? Swali hili si la utani wala la ubishi. Ndilo lililo katikati ya kila jitihada ya kurahisisha leseni, katika Kenya na penginepo, na asiyelijibu hawezi kujua ni karatasi gani ya kutupa na ni ipi ya kushika.

Yafaa kuelewa kwanza jinsi karatasi zilivyopata kuwa nyingi. Sheria ya Afya ya Umma ni ya mwaka 1921, na shabaha yake ilikuwa kuzuia maradhi ya kuambukiza na uchafu wa miji. Mwaka 1965 ikaja Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, na chini yake zikatungwa Kanuni za Usafi wa Chakula za mwaka 1978, ambazo ndizo zinazokataza mtu kutumia nyumba kwa kupika, kuweka au kuuza chakula pasipo leseni ya afya. Katikati ya hizo, mwaka 1967, ilitungwa Sheria ya Leseni za Biashara. Hiyo haikuhusu usafi hata kidogo. Shabaha yake kubwa ilikuwa kuutia ufanyaji biashara mikononi mwa raia wa Kenya, na wasio raia walizuiwa kufanya biashara katika sehemu fulani na kuuza bidhaa fulani. Tena kulikuwa na sheria ya hoteli na mikahawa, yenye wakaguzi wake. Na mabaraza ya miji na ya wilaya yalikuwa na leseni zao wenyewe, kila baraza kwa desturi yake.

Kila moja ya sheria hizi ilikuwa na sababu yake siku ilipotungwa. Kosa ni kwamba hakuna aliyekaa akazijumlisha. Mtunga sheria wa afya hakumwuliza mtunga sheria ya biashara, na baraza halikumwuliza yeyote. Na mzigo wote ukawekwa juu ya kichwa kimoja, kichwa cha mwenye hoteli.

Mwanzo wa kuupunguza mzigo huo ulikuwa mwaka 1999, wakati serikali ilipoanzisha kibali kimoja cha biashara. Badala ya kulipia leseni hii na ile kwa baraza, mfanya biashara alilipa mara moja kwa mwaka, kwa ada iliyopimwa kwa namna na ukubwa wa kazi yake. Kwa nyumba za chakula, ukubwa ulipimwa kwa hesabu ya wateja wanaoweza kukaa. Nyumba ya wateja wasiozidi 5 ilikuwa ndogo, ya wateja 6 hata 20 ilikuwa ya kati, na iliyozidi 20 ikahesabiwa kubwa. Kipimo hiki kina haki yake, kwa kuwa mtu yeyote aweza kuhesabu viti, na mkaguzi hana nafasi ya kubuni. Wataalamu wawili, Nick Devas na Roy Kelly, waliandika juu ya mageuzi hayo mwaka 2001, na kichwa cha makala yao kilikuwa swali lile lile: leseni ni ya kusimamia biashara au ni ya kupata mapato? Walieleza kuwa leseni za namna ya zamani ziliwagharimu wafanya biashara, ziliingiza fedha haba, wala hazikuwa zikitimiza tena ile kazi ya usimamizi iliyokuwa sababu ya kuwekwa kwake.

Miaka michache baadaye serikali ikafanya hesabu ya leseni zote za nchi. Zikapatikana leseni 1,325. Katika hizo, 315 zilifutwa, na 379 zikarahisishwa. Mwaka 2006 ile Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ilifutwa yote. Huo ulikuwa ufyekaji mkubwa, na hapana shaka ulifaa. Lakini pori likifyekwa bila kung'olewa mizizi huota tena, na leseni nazo zilikuwa na mizizi, yaani uhitaji wa fedha.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Katika Jedwali lake la Nne, kazi ya kutoa leseni na kusimamia wauzao chakula kwa umma iliwekwa chini ya huduma za afya za kaunti. Na leseni za biashara zikawa pia kazi ya kaunti. Msomaji na alitazame jambo hili kwa makini. Kazi ya leseni ya chakula imetajwa pamoja na zahanati, magari ya wagonjwa na utupaji wa takataka, wala haikutajwa pamoja na kodi. Katiba yenyewe, basi, imekwisha kujibu nusu ya swali: leseni ya chakula ni jambo la afya. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ofisi mbili za serikali ile ile zilijikuta zikimdai mwenye hoteli yule yule, moja kwa ajili ya biashara yake na moja kwa ajili ya usafi wake, na mara nyingi hazikuulizana.

Hapa ndipo ugumu ulipo kwa mtu wa Chekalini. Na achukuliwe, kwa mfano tu, mama mwenye wasaidizi 3: mmoja wa kupika, mmoja wa kuosha vyombo, mmoja wa kuwahudumia wateja. Pamoja naye ni watu 4. Cheti cha kupimwa hudumu miezi 6. Kwa hiyo kwa mwaka mmoja nyumba ile ndogo hutakiwa vyeti 8, kabla hata ya kufikiri juu ya kibali na leseni ya afya. Kila safari ya kwenda Lumakanda, yaliko makao ya kaunti ndogo ya Lugari, ni nauli, tena ni jiko lililozimwa. Akifika na kuambiwa ya kwamba mkubwa hayupo, arudi kesho, amepoteza siku mbili za mauzo kwa karatasi moja. Si ajabu wengi hufanya kazi bila karatasi hata moja, wakiomba askari wa kaunti asipite njia yao. Naye apitapo, shilingi chache hutoka mkono huu zikaingia mkono ule pasipo risiti. Hazina ya kaunti haipati kitu, mla chakula halindwi, na mama amelipa.

Wako watu ambao, wakisikia habari hizi, husema dawa ni kuondoa sheria zote na kumwacha kila mtu auze apendavyo. Hilo ni kosa kubwa, na yapasa kuelezwa kwa nini.

Katika mji wa New York, mwanzoni mwa karne iliyopita, palikuwa na mpishi mwanamke, mzaliwa wa Ireland, jina lake Mary Mallon. Mwaka 1906 aliajiriwa katika nyumba moja ya watu 11, na 6 kati yao wakashikwa na homa ya matumbo. Mchunguzi mmoja, George Soper, alifuata nyayo zake akaona ya kwamba karibu kila alikopika palikuwa na wagonjwa. Mwenyewe hakuwa na dalili yoyote, naye alikataa katakata kwamba ndiye chanzo. Lakini wako watu wachache ambao vijidudu vya homa hiyo hukaa ndani ya kibofu cha nyongo miaka mingi, vikitoka pamoja na choo, na huku wao wenyewe wana nguvu na siha. Mwaka 1907 alitengwa. Mwaka 1910 akaachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akafanya kazi ya kufua nguo, ambayo mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa upishi. Baada ya muda akabadili jina akarudi jikoni. Mwaka 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya wazazi, na humo watu 25 walikuwa wameugua na 2 wamekufa. Akatengwa tena hata alipokufa mwaka 1938.

Kisa hiki kina mafundisho mawili. La kwanza hufahamika upesi: mpishi mwenye afya aweza kuua, na kwa hiyo kumpima si maonevu. La pili husahauliwa. Mwanamke yule aliambiwa asipike, lakini hakupewa njia nyingine ya kupata riziki kama ile ya upishi. Basi alijificha, na alipojificha akawa hatari kuliko hapo kwanza. Sheria ngumu mno haiondoi jiko bali hulihamishia uani, mahali ambapo Bwana Afya hafiki.

Wala cheti peke yake hakitoshi. Kipimo huonyesha hali ya siku ile tu. Aliyepimwa Januari aweza kuambukizwa Februari, na cheti chake bado chaning'inia ukutani. Mwaka 2017 watu waliohudhuria mikutano mikubwa katika hoteli za fahari za Nairobi walishikwa na kipindupindu, na Wizara ya Afya ikafunga baadhi ya nyumba hizo kwa muda, ikaamuru wapishi na wahudumu wapimwe upya. Hizo hazikuwa hoteli za mabenchi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kibaya, na 420,000 kati yao hufa. Na ulinzi linaousisitiza ni wa kila siku wala si wa kila miezi 6: mikono iliyooshwa kwa sabuni, chakula kibichi kutengwa na kilichopikwa, kupika hata ndani kuive, chakula cha moto kuwekwa juu ya digrii 60, na maji safi. Katika Chekalini mambo hayo ni dumu la maji lenye bomba mlangoni na jingine karibu na choo, kipande cha sabuni kisichokosekana, ubao wa kukatia nyama usiokatiwa sukuma wiki, na sufuria ya maharagwe iliyobaki juu ya moto badala ya kupoa mchana kutwa na kupashwa jioni.

Kwa hiyo jibu la lile swali la kwanza laanza kuonekana. Ukaguzi wa chumba, maji, choo na mikono humlinda mla chakula. Kupima wapishi kwasaidia pia, ikiwa kwafanywa kwa kweli na si kwa kununua muhuri. Kibali cha biashara ni mapato. Si aibu kaunti kutafuta mapato, kwa kuwa barabara ya soko na taa zake hazijengwi kwa hewa, ila yafaa kiitwe kwa jina lake. Ada ya ubao wa mlangoni ni mapato matupu. Kurahisisha ni kuyaweka mapato pamoja, yalipwe mara moja, na kuuacha ulinzi usimame peke yake ufanye kazi yake.

Mambo ya namna hii yamekwisha kujaribiwa. Kaunti ya Nairobi ilileta mwaka 2023 kibali cha jumla, kilichounganisha mambo matano: kibali cha biashara, cheti cha zimamoto, leseni ya usafi wa chakula, cheti cha afya, na ruhusa ya tangazo. Mfanya biashara hufuata njia moja badala ya milango mitano. Katika Tanzania, mwaka 2019, kazi ya kusimamia usalama wa chakula iliondolewa katika mamlaka ya chakula na dawa ikawekwa katika Shirika la Viwango, kwa kuwa wafanya biashara walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba wakaguzi wa ofisi mbalimbali waliwajia kwa neno lile lile.

Hata hivyo kuunganisha kuna mitego yake. Karatasi tano zikifanywa moja, na ada tano zikajumlishwa ziwe moja, mwenye jumba la ghorofa atafurahi kwa kuwa amepunguziwa usumbufu. Lakini mama wa Chekalini, ambaye zamani alilipa kidogo kidogo kadiri mauzo yalivyomruhusu, sasa huambiwa alete jumla yote Januari, mwezi wa karo za shule. Njia imekuwa rahisi na mlango umekuwa mwembamba. Kulipa kwa sehemu mbili au nne za mwaka kungemfaa kuliko kuunganishiwa karatasi. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: mtu akilipa na kupewa karatasi siku hiyo hiyo kwa simu, ni nani atakayekwenda kutazama choo? Leseni inayotolewa kabla ya Bwana Afya kufika ni risiti tu. Lililo jema ni mkaguzi kuja sokoni siku iliyotangazwa, akapita hoteli zote kwa zamu, na vipimo vya wapishi vikachukuliwa siku hiyo hiyo papo hapo, ili watu 40 wasipande gari kumfuata mtu mmoja.

Wakati hayo yakingojewa, wenye hoteli wana haki ambazo haziwagharimu kitu kuzijua. Kifungu cha 210 cha Katiba chasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni iwezayo kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Maana yake ni kwamba afisa akitaja ada, aweza kuulizwa kwa upole imeandikwa wapi; katika kaunti huandikwa katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka, pamoja na jedwali la viwango. Kisichokuwa humo si halali, hata kikidaiwa na mtu aliyevaa sare. Tena Kifungu cha 47 champa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya mwaka 2015 juu ya haki katika uamuzi wa serikali yaeleza namna yake. Hoteli ikifungwa, basi, mwenyewe na aombe karatasi yenye kuonyesha kosa ni nini na lirekebishweje. Bwana Afya mwema hatachukia ombi hilo. Kufunga nyumba pasipo kueleza kosa hakumfundishi mtu usafi. Humfundisha kuficha tu.

Lakini haki kubwa kuliko hizo ni ile ya kusema kabla sheria haijapitishwa. Mswada wa Fedha wa kaunti sharti uamuliwe na bunge la kaunti katika siku 90 baada ya kupitishwa kwa sheria ya matumizi ya fedha, na kabla ya hapo wananchi yapasa waitwe watoe maoni. Mikutano hiyo wafanya biashara wadogo huiacha, wakidhani ni ya watu wa siasa, na wanaokwenda huenda kulaumu kwamba ada ni kubwa. Lawama hiyo huandikwa na kusahauliwa. Wenye hoteli wa Chekalini wakienda watu watano pamoja na karatasi zao mikononi, wakataja idadi ya viti vyao, na vyeti 8 vya mwaka, na siku walizofunga jiko kufuata mihuri Lumakanda, kisha wakaomba mambo matatu, yaani malipo kwa vipindi, ukaguzi sokoni kwa siku iliyotangazwa, na ada moja badala ya nyingi, karani atakuwa na jambo la kuandika, na mjumbe wa kata atakuwa na hesabu ya kupeleka Kakamega.